Mashine ya Kuokoa Vitabu Inatoka kwa Seremala

Ukitaka kuua mradi wa kuhifadhi vitabu vya zamani, fanya jambo moja tu: katika kikao cha kwanza, uliza bei ya mashine. Hakosekani mjumbe mwenye laptopu. Atafungua ukurasa wa kampuni ya Ulaya, atasoma tarakimu kwa dola, na kikao kizima kitashusha pumzi. Tangu hapo mradi unageuka kuwa andiko. Andiko linatafuta mfadhili, mfadhili anataka bajeti ipitiwe upya, na muda wote huo mchwa wa stoo hawajamwomba mtu ruhusa.

Nimehudhuria vikao vya aina hiyo vya kutosha, na maoni yangu ni kwamba kazi hii tumemkabidhi mtu siye. Tunaamini kuvigeuza vitabu kuwa picha za kidijitali ni kazi ya mtaalamu wa kompyuta, basi tunamngoja mtaalamu na vifaa vyake. Hebu itazameni kazi yenyewe. Kitabu kinatakiwa kishikwe kisicheze. Kamera inatakiwa ikae juu yake, iutazame ukurasa wima bila kuinama upande. Mwanga unatakiwa umwagike sawasawa kutoka kona hadi kona. Hayo ni mambo ya mbao, skrubu na balbu. Kamera yenyewe karibu kila mjumbe wa kikao anayo mfukoni.

Watu wengi hukimbilia skana ya ofisini, ile bapa yenye kifuniko. Ilitengenezwa kwa karatasi mojamoja. Ukitaka ikusomee kitabu, lazima ukilaze kifudifudi, ukikandamize ili maneno ya karibu na mshono yaonekane, ukinyanyue, ufunue, ukilaze tena. Kitabu kilichoshonwa kwa uzi kitavumilia. Kitabu cha gundi, kama vilivyo vingi vya mashuleni vya miaka ya 70 na 80, kitaanza kutema kurasa kabla hujafika katikati, na utakuwa umekiua kwa jina la kukiokoa.

Wengine hushika simu mkononi na kupiga. Matokeo yake kila mwenye kundi la familia anayajua: wosia wa babu, nusu yake imefunikwa na kivuli cha kichwa cha mpigaji, mistari ya juu imesinyaa, ya chini imetanuka, na pembeni kuna kidole gumba. Halafu picha hiyo inatumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inaminywa njiani, na kinachofika upande wa pili hata mjukuu mwenye macho makali anakisoma kwa kubahatisha.

Njia ya tatu ilipata umaarufu mwaka 2009, pale Daniel Reetz, mwanafunzi wa chuo kikuu huko North Dakota, Marekani, alipochapisha maelekezo ya kujenga skana ya vitabu kwa vitu vya jalalani na kamera mbili za bei rahisi. Hakusukumwa na ushujaa wowote. Vitabu vya masomo vilikuwa vinamkamua, na kamera ilikuwa rahisi kuliko vitabu. Maelekezo yake yaliwapa watu wa nchi nyingi moyo wa kuchonga za kwao na kuziboresha. Mwaka 2012 mhandisi wa Google, Dany Qumsiyeh, alikwenda mbali zaidi akaunda mashine inayofunua kurasa kwa nguvu ya kifyonza vumbi, na ramani yake akaiachia bure. Mashine hiyo inafurahisha kuitazama. Ila mimi singeukaribisha utenzi wa bibi yangu karibu na kitu kinachofyonza kurasa.

Hesabu ya kamera ni fupi. Kipimo kinachotumika sana kwa maandishi ni nukta 300 kwa inchi. Chini ya hapo, herufi ndogo huanza kuyeyuka na programu za kusoma maandishi huanza kubuni. Ukurasa wa A4 una urefu wa inchi 11.7. Kamera ya megapikseli 12, ambayo siku hizi ni ya simu ya kawaida kabisa, hutoa picha ya nukta 4,000 kwa 3,000. Gawanya 4,000 kwa 11.7 unapata 340 na ushee. Riwaya na vitabu vingi vya shule ni vidogo kuliko A4, kwa hiyo vinabaki na ziada. Anayesema hatuna kamera ya kufaa ajaribu hesabu hiyo kabla hajaandika barua ya kuomba msaada.

Kamera ikipatikana, inabaki stendi ya kuishika. Yangu ilichongwa Keko, Dar es Salaam, na fundi ambaye siku zote kazi yake ni vitanda na makabati. Nilimchorea kwenye kipande cha boksi. Akageuza boksi huku na huku.

"Mzee, hii ni meza ya pasi au jiko la mishkaki?"

"Ni ya kupigia vitabu picha, fundi."

"Kwani vitabu vinaoa?"

Alipomaliza kucheka alichukua penseli iliyokuwa nyuma ya sikio na kuanza kunisahihisha, na masahihisho yake yote yalikuwa ya haki. Nguzo niliyokuwa nimeichora nyembamba aliikataa, akaweka mbao ya mbili kwa mbili na kuibana kwa kona za chuma, kwa sababu mkono unaobeba simu ukitikisika kidogo huku juu, picha nayo inatikisika. Kitako alikitengeneza kwa plaiwudi nene, kizito makusudi. Mkono wa juu unapanda na kushuka kwenye nguzo na kukazwa kwa bolti yenye nati ya masikio, ili stendi hiyohiyo ichukue kitabu kidogo cha sala na pia daftari kubwa la mahesabu. Mwenye kamera halisi badala ya simu atoboe tundu la bolti ya robo inchi yenye meno 20 kwa inchi. Ndiyo saizi ya tundu lililo chini ya kamera nyingi duniani, na duka la vifaa vya ujenzi halikosi bolti za robo inchi.

Kilicho muhimu kuliko vyote ni kilalio cha kitabu. Kitabu cha zamani hakipendi kufunguliwa mpaka kilale chali. Kwa hiyo nusu moja ya kitabu inalala juu ya kitako, na nusu ya pili inaegemea ubao uliosimamishwa nyuma yake kwa pembe ya digrii 100 hadi 110. Mgongo unapumzika kwenye kona, haulazimishwi kitu. Unapiga kurasa zote za kulia kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kisha unakizungusha kitabu na kupiga za kushoto. Hizo za kushoto zitatoka kichwa chini miguu juu, na kompyuta itazigeuza zote kwa pamoja. Utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu hufunguka kwa upande wa pili, na stendi haijali. Juu ya ukurasa unaweka kipande cha kioo cha fremu ya picha kilichosuguliwa kingo kwa msasa. Uzito wake wenyewe unatosha kuunyoosha ukurasa. Karatasi inayovunjikavunjika usiiwekee kioo kabisa. Heri picha yenye mkunjo kuliko ukurasa uliobaki vipande.

Stendi ilipokwisha fundi aliweka pima maji juu ya kitako, tone likatulia katikati, akanitazama kwa ushindi. Nikatoa kioo kidogo cha kujitazamia. Akauliza kioo cha nini tena wakati maji yameshasema sawa. Maji yanapima meza dhidi ya ardhi. Hayapimi simu dhidi ya meza, na simu za siku hizi zina kile kinundu cha kamera mgongoni, kwa hiyo ukiilaza juu ya ubao inalala kiupandeupande bila wewe kujua. Ukiweka kioo mahali ambapo ukurasa utalala, simu inajiona yenyewe. Jicho la kamera likionekana katikati kabisa ya skrini, kamera inatazama wima. Likienda pembeni, kunja kipande cha karatasi, kiingize chini ya simu upande ule unaolala, mpaka jicho lirudi katikati. Fundi aliinama, akatazama, akasogeza karatasi mwenyewe mara mbili tatu. Baada ya hapo hakuuliza tena juu ya harusi.

Mwanga ndio unaowashinda wengi, na hapa pesa haisaidii sana. Taa mbili za mezani zenye balbu za aina moja, moja kulia na moja kushoto, kila moja ikimulika kwa pembe ya digrii 45, zinatosha. Mwanga unaokuja kwa pembe hiyo hugonga kioo na kutokea upande wa pili. Hauruki juu kwenye kamera. Taa ya darini izimwe, maana hiyo ndiyo huacha mstari mweupe katikati ya ukurasa. Pazia lifungwe, kwa sababu jua la saa nne asubuhi si jua la saa tisa alasiri, na hutaki kitabu kimoja chenye kurasa za bluu na kurasa za njano. Simu nayo iache kujionyesha kwenye kioo cha juu ya ukurasa: chukua ubao mwembamba uliopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, utoboe tundu la jicho la kamera, uufunge chini yake. Kujua kama taa zimelingana, simamisha penseli katikati ya kitako. Itaangusha vivuli viwili. Kimoja kikiwa cheusi zaidi, taa ya upande wa pili wa kivuli hicho imesogea karibu mno.

Usiiguse simu wakati wa kupiga. Rimoti ndogo ya selfi inauzwa kila kona, na simu nyingi zinazopokea spika za masikioni zenye waya hupiga picha ukibonyeza kitufe cha sauti kwenye waya huo. Mmoja anafunua na kushika kioo, mwenzake anabonyeza na kuangalia namba za kurasa. Kila ukurasa ukichukua sekunde 10, kurasa 200 zinakwisha kwa dakika 33 na ushee. Kidole kikiingia pembeni ya ukurasa, msihangaike sana. Katika vitabu vya Google, vilivyopigwa kwa mamilioni ya dola, vidole vya wafanyakazi vimeonekana mara nyingi tu.

Kazi ya mezani baada ya hapo haina utamu wowote, na ndiyo maana huachwa. Faili zipewe majina ya kitabu na namba zenye tarakimu nne, 0001, 0002, ili kompyuta isiupange ukurasa wa 10 mbele ya wa 2. Programu ya bure iitwayo ScanTailor hunyoosha kurasa na kukata kingo. Nyingine, Tesseract, ambayo ilizaliwa katika maabara za HP na kuachiwa umma mwaka 2005, husoma Kiswahili cha herufi za Kilatini na kukigeuza kuwa maandishi yanayotafutika. Kwa msomaji asiyeona hilo ni jambo kubwa kuliko picha yenyewe, kwa sababu simu yake inaweza kumsomea. Miswada ya mkono kwa hati za Kiarabu bado inataka macho ya mtu aliyekaa chuo cha Kurani. Kitabu cha kurasa 300 kwa picha za megabaiti 4 kinakula gigabaiti 1.2, kwa hiyo hata flashi ya gigabaiti 32 inabeba rafu nzima.

Sasa nije kwenye sababu inayonifanya nishikilie mbao na skrubu kuliko mradi mkubwa. Vitabu vyetu vingi vya thamani havipo maktaba. Vipo kwenye kasha chini ya kitanda cha mjane, kwenye kabati la msikiti, kwenye sakristia ya parokia, kwenye ofisi ya mwalimu mkuu ambako kumbukumbu za shule tangu kufunguliwa zimefungwa kwa kamba ya katani. Wenye vitu hivyo si wajinga. Wanajua kilichowapata waliotangulia kuazimisha. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yametufikia kwa sehemu kubwa kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaandika karne ya 19 kwa ajili ya mmisionari William Taylor, na kwa hilo tunamwombea Mwalimu Sikujua rehema. Lakini karatasi za Taylor ziko katika chuo cha SOAS, London, na Mmombasa anayetaka kuziona kwa macho atafute viza. Ukimwambia mama mwenye kasha kwamba unataka kulichukua kwa wiki moja, atakukaribisha chai na mazungumzo yatahamia kwenye mvua. Ukija na stendi begani na taa mbili, ukafanya kazi barazani kwake huku anakuona, na jioni ukamwachia picha zote kwenye flashi yake mwenyewe, ni mazungumzo mengine kabisa.

Wakubwa wenyewe wameshaukubali mwelekeo huo. Mpango wa nyaraka zilizo hatarini wa Maktaba ya Uingereza, ulioanza 2004, hulipia kazi ya kupiga picha kwa sharti kwamba nyaraka halisi zisiondoke nchini mwake. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa chini ya mpango huo. Ni kazi nzuri, na sina neno nayo isipokuwa hili: Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilivamiwa na wahalifu wa mtandaoni, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Taasisi yenye bajeti kubwa kuliko wizara zetu kadhaa ilifungiwa mlango kwa nje. Aprili 2021 moto wa mlimani ulishuka ukachoma ukumbi wa Jagger wa Chuo Kikuu cha Cape Town pamoja na vitabu vya masomo ya Afrika. Nakala moja mahali pamoja ni bahati nasibu, hata mahali hapo pawe na walinzi na lifti. Nakala tatu za flashi na diski, moja ikiwa mji mwingine, ni uamuzi ambao familia inaweza kuufanya bila kuitisha kikao.

Najua waandishi wenzangu wananung'unika. Mtu mwenye stendi leo kesho atapiga riwaya yangu mpya na kuimwaga Telegram. Manung'uniko hayo ni ya haki, na jibu langu halina mzunguko: huo ni wizi, mbao iwe ya mninga au ya msonobari. Kenya, kwa mfano, sheria inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Anayetaka kumsaidia mwandishi aliye hai anunue kitabu. Stendi ninayoisemea hapa ni ya daftari la shule, barua za ukoo, utenzi usiowahi kuchapwa, na majarida ambayo hata aliyeyatoa hana tena nakala. Wahifadhi wa nyaraka nao watasema kwamba watu wasiofunzwa watararua vitu. Wengine wataharibu, ndiyo. Wahifadhi hao wakijitolea Jumamosi moja kuwafundisha vijana wa msikiti au wa kwaya namna ya kufunua ukurasa kwa kiganja badala ya kulamba kidole, uharibifu utapungua. Na chuo chochote cha ufundi kinaweza kuifanya stendi hii kuwa zoezi la mwanafunzi wa useremala wa mwaka wa kwanza. Ina pembe za kupima, ina tundu la kutoboa kwa uangalifu, na mteja wake yupo mtaa wa pili.

Kitu kimoja nitabishana na kila mtu: mpangilio wa kazi. Kila familia hutaka kuanza na kilicho kizee kuliko vyote, kile chenye jalada la ngozi. Kikaguliwe, kifungwe, kingoje. Karatasi za kabla ya katikati ya karne ya 19 zilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, na zikikingwa na maji na wadudu zina subira ya ajabu. Mswada wa Utendi wa Tambuka ulioko Hamburg unabeba mwaka 1728. Karatasi ya gazeti ni uji wa mti uliobaki na lignini yake, inapata asidi yenyewe, inageuka njano, kisha kahawia, kisha inakatika kwenye mkunjo. Jarida kama Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, magazeti ya miaka ya uhuru, vijitabu vya elimu ya watu wazima, programu za michezo ya kuigiza ya shule: hivyo ndivyo vinavyoondoka kwanza, na ndivyo ambavyo watu hufungia vitumbua. Rangi nyeusi ya ule ubao wa chini ya simu ikikauka, mtu ashuke na rundo la magazeti kwanza, aanze na yale ambayo mkunjo wake tayari umekatika.